Kiti cha Mzee Wembe Jukwaani

Kinyozi huyu aliitwa Mzee Wembe hata na watu waliomzidi umri, naye alikuwa na tabia moja ambayo mwenyewe hakuijua mpaka mvi zilipomjaa: hakuzungumza na mtu jambo la maana ila kupitia kioo. Ukifikiri vizuri si ajabu. Kinyozi husimama nyuma ya mteja, na mbele yao wote wawili kuna kioo. Mteja hukiambia kioo, kinyozi hukijibu kioo, na maneno hufika. Habari za misiba, za ndoa, za mpira na umbea wa mtaa mzima zilipita kwenye kioo cha Mzee Wembe, nacho kikabaki safi, kwa sababu kila asubuhi alikipangusa kwa gazeti lililoloweshwa kidogo.

Hata watoto wake wawili aliwalea humo. Nyumbani alikuwa mtu wa "mmm" na "haya." Jambo zito likitokea, alimwambia mtoto apitie dukani akitoka shule. Alimkalisha kwenye kiti kikubwa cha chuma, akamfunga kitambaa cheupe shingoni, akawasha mashine, ndipo akaanza maswali. Mtoto angekimbilia wapi? Nani atatoka barabarani amenyolewa nusu kichwa? Watoto wakatunga msemo wao: ukiitwa kunyolewa na nywele hazijaota, ujue una kesi.

Mtoto wa kwanza aliitwa Bisibisi, kwa kuwa tangu utoto hakuacha kitu chenye skrubu kikabaki kizima. Sasa alikuwa mtu mzima, fundi wa lifti katika hospitali kubwa, na kwa mwaka mzima alikuwa anaitwa kunyolewa na nywele hazijaota. Alikuja, akakaa, kitambaa kikafungwa, mashine ikawaka. Baba alikohoa, akakitazama kioo, akauliza lifti zinaendeleaje. Bisibisi akajibu kwamba zinapanda na kushuka. Kesi ikaahirishwa.

Kesi yenyewe ilikuwa hii. Miguu ya Mzee Wembe ilichoka kusimama. Ikifika jioni ilivimba, soksi zikaacha alama kama kamba iliyofunga mzigo. Daktari alimshauri apunguze kusimama, naye akamjibu kwamba kumwambia kinyozi apunguze kusimama ni kumwambia samaki apunguze maji. Lakini moyoni alijua ukweli. Alitaka kumuuliza mwanawe: utakichukua kiti? Maneno mawili tu, lakini kila yalipofika kooni yaligeuka kuwa lifti. Kiti kile alikirithi kwa bwana aliyemfundisha kazi. Wazo kwamba siku moja kitapakiwa kwenye mkokoteni wa vyuma chakavu lilimuuma kuliko miguu. Na kwa kuwa aliogopa kusikia "hapana," aliona heri asiulize, maana swali lisiloulizwa halijakataliwa.

Basi mambo yalikuwa yamekwama hapo, kama lifti kati ya ghorofa mbili, mtoto wa mwisho, binti waliyemwita Kitinda, alipokuja nyumbani na wazimu wake.

Kitinda alisomea sanaa za jukwaani. Yeye na wenzake walikuwa na ukumbi mdogo, uliokuwa zamani ghala la nyuzi, wenye viti vya mbao vilivyotofautiana urefu. Alikuwa na mchezo mpya. Mchezo huu haukuwa na maneno yaliyoandikwa, wala mazoezi, wala mtu aliyejifanya mtu mwingine. Alitaka familia ya kweli, ya nyumba moja, ipande jukwaani, ifanye kazi yake na kuzungumza mambo yake, watu watazame. Alikwisha jaribu na waigizaji. Aliwaambia wawe familia ya kawaida tu, wakae, wachambue mchele. Kabla ya mchele kwisha, mmoja alianguka akafa, na mwingine akamlilia machozi ya kweli mwana ambaye hana.

"Waigizaji hawawezi kukaa kimya," Kitinda aliwaeleza wazazi wake. "Nahitaji watu wanaojua kunyamaza pamoja. Nikafikiria, nikafikiria, nikaona ni sisi."

Mama yao alikuwa mshonaji wa sare za shule, na wakati huo alikuwa amebana pini midomoni, kwa hiyo hakusema kitu. Aliyeuliza alikuwa Bibi, mama mzaa mama, aliyeishi nao tangu watoto wakiwa wadogo. Alitaka kujua yeye atakuwa nani katika mchezo. Kitinda akamwambia atakuwa bibi. Bibi wa nani? Wetu. "Kazi hiyo naifanya miaka yote," akasema Bibi, "na hakuna hata siku moja aliyenipigia makofi." Akakubali palepale, akauliza kama anaruhusiwa kuvaa viatu vyake vizuri.

Masharti hayakuwa mengi. Mtu asije na maneno aliyoyaandaa. Mtu asiseme uongo jukwaani. Kama hana la kweli la kusema, aendelee na kazi yake. Na kila mmoja abebe moyoni swali moja ambalo kwa kweli amekuwa akitaka kuliuliza nyumbani na hajaliuliza. Akipata nafasi aliulize, asipopata arudi nalo. Katikati ya jukwaa kitawekwa kiti cha kinyozi.

Mzee Wembe alikuwa amekwisha fungua kinywa akatae. Yeye si mtu wa maigizo, ana wateja, ana heshima yake mtaani. Kisha akamtazama Bisibisi, aliyekuwa anachezea bawaba ya mlango wa kabati, na wazo likamjia. Mbele ya watu Bisibisi hataweza kujificha nyuma ya lifti. Wala yeye mwenyewe hataweza.

"Haya," akasema.

Mkewe akazitoa pini midomoni moja moja, akimtazama juu ya miwani. Mwanamke aliyeishi na mtu wa "haya" miaka mingi huzijua "haya" zake zote, na hii ilikuwa mpya.

Kukihamisha kiti ilikuwa kazi ya nusu siku. Bisibisi alikifungua vipande, wakavipakia kwenye gari la kuazima, akakiunga tena jukwaani. Kilipokuwa tayari, Bibi alikikalia ili akijaribu, nacho kikaanza kushuka taratibu chenyewe, naye Bibi akishuka nacho mikono mapajani, kama malkia anayezama. "Mjukuu wangu," akasema akiwa chini kabisa, "huko hospitali wagonjwa wanafika wanakokwenda?" Bisibisi akainama na spana, akakaza palipolegea.

Kioo kilikuja pia, kimefungwa kwenye blanketi. Lakini taa za jukwaani zilipowashwa, kikarusha mwanga wote machoni pa viti vya mbele, mtu akashindwa kuona. Kitinda akasema kioo hakiwezekani. Kikarudishwa ndani ya blanketi, kikaegemezwa ukutani nyuma ya pazia. Mzee Wembe hakuona tatizo lolote. Alinyoa watu tangu ujana, angeweza kunyoa gizani.

Jioni ya kwanza ukumbi ulijaa kiasi. Mama alikaa upande mmoja na cherehani yake na rundo la kaptula za shule. Bibi alikaa upande wa pili akikunja vitambaa, viatu vyake vizuri miguuni. Kitinda alikaa chini pembeni, anatia uzi kwenye sindano za mama yake, maana alisema mwenye mchezo hana ruhusa ya kuukimbia. Bisibisi akapanda kitini. Baba yake akamfunga kitambaa, akawasha mashine, akaanzia kisogoni.

Kwa muda hapakuwa na sauti ila ya mashine na cherehani, na watu walitazama kwa utulivu, kama mtu anavyotazama mvua. Mzee Wembe akajiona yuko vizuri. Akapiga moyo konde, akainua macho yakatazama mbele, pale ambapo kila siku kioo kinakuwa, akauliza kwa sauti yake ya kazini:

"Ehe, kazini kunaendaje?"

Alikusudia aanze mbali, kisha asogee. Lakini pale mbele, mahali pa kioo, alikuwa ameketi mwanamume mmoja mwenye ndevu nyingi, kiti cha kwanza kabisa, na macho ya Mzee Wembe yalitua moja kwa moja usoni pake. Mtu yule akageuka kushoto, akageuka kulia, akaona ni yeye.

"Kazini kuzuri, mzee," akajibu. "Ila stoo ina joto."

Ukumbi ukacheka. Mtu mwingine angesema samahani, sikukuuliza wewe. Lakini kinyozi aliyekomaa kazini hawezi kumkatiza mtu aliyejibu swali lake. Ni kama mwalimu kumfukuza mwanafunzi aliyenyoosha mkono. Akamuuliza ni stoo ya nini. Mwenye ndevu akasema ni ya vipuri vya baiskeli, yeye ndiye mtunzaji, anashinda humo peke yake na maboksi. Wakaongea habari za joto, za madirisha yasiyofunguka, za minyororo mipya na ile ya zamani iliyodumu zaidi. Bisibisi alikaa katikati yao kimya, kichwa chini, kama meza ambayo watu wawili wananywea chai. Mchezo ulipofika mwisho nywele zilikuwa zimekatwa vizuri mno, mtunza stoo alikuwa amepata rafiki, na swali lilikuwa bado liko kooni.

Nyumbani Kitinda alifurahi, alisema hajapata kuona jukwaa lililotulia vile. Baba yake hakufurahi. Alikaa akiloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, na Bibi akapita akamwambia kwamba yeye alidhani mkwe wake ni mtu wa haya, kumbe anamchumbia mtu wa viti vya mbele. Mkewe aliongeza maji ya moto kwenye beseni. Akasema pole pole kwamba jukwaani alikuwa anaongea na kioo ambacho hakipo. Ndipo Mzee Wembe alipoijua tabia yake kwa mara ya kwanza. Alijaribu kukumbuka lini alimtazama mwanawe machoni na kumwambia jambo, akakumbuka mgongo, kisogo, masikio mawili, na uso ndani ya kioo. Jambo hilo lilimshangaza kuliko kumhuzunisha. Hata hivyo akaazimia kwamba jioni inayofuata, liwalo na liwe, atauliza.

Siku nzima dukani, akiwakalisha wateja kwenye kiti cha mbao cha kuazima, alikuwa akilinong'ona swali huku akipaka watu povu. Alijua anavunja sharti la kutoandaa maneno, lakini alijitetea kwamba maneno mawili si maneno, ni pumzi.

Jioni hiyo ukumbi ulikuwa na watu zaidi. Waliokuja jana walirudi na wenzao. Mtunza stoo alikuwa palepale kwenye kiti cha mbele, amechana ndevu. Bisibisi hakuwa na nywele za kukata tena, ila za kutengeneza pembeni tu. Aliulizwa na mtazamaji mmoja kwa nini ananyolewa tena, akajibu kwamba ana kesi. Watu wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mama yake alicheka akijua.

Mashine ikawaka. Mzee Wembe hakutaka kuzunguka safari hii. Lakini miguu yake, mgongo wake, kazi yake ya maisha yote vikafanya vilivyozoea kufanya: vikainua macho yake mbele.

"Utakichukua kiti?" akauliza.

Cherehani ilisimama. Kitinda alisimamisha sindano hewani.

"Ndiyo, mzee," akasema mtunza stoo. "Nitakichukua."

Hakusema kwa mzaha. Alisema kama mtu aliyepewa kitu kizuri na hataki mkono wa mtoaji uchoke. Lakini ukumbi mzima uliangua kicheko, na Bibi akainua uso kutoka kwenye vitambaa vyake.

"Mkwe wangu," akasema, "umetoa posa, imepokewa nyumba ya jirani."

Mzee Wembe alisimama na mashine mkononi. Mwaka mzima ameliogopa jibu, na jibu limekuja jepesi hivi, kutoka kwa mtu ambaye hata ndevu zake hajawahi kuzigusa. Angeweza kucheka na wenzake, mambo yakaishia hapo, akarudi nyumbani na miguu yake. Badala yake akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya akiwa kazini. Akaondoka nyuma ya kiti. Akazunguka, akasimama mbele ya mwanawe, akawapa mgongo watazamaji wote pamoja na mtunza stoo, akainama mpaka macho yao yakawa sawa. Akaona kwamba mwanawe ameanza kuwa na mikunjo midogo pembeni mwa macho. Dukani hakuwahi kuiona, au labda kioo hakikujali mambo hayo.

"Nilikuwa nakuuliza wewe," akasema.

"Najua, baba," akasema Bisibisi. Akavuta pumzi. "Hapana."

Hili ndilo neno lililokuwa likimnyima raha. Sasa limesemwa, tena mbele ya watu, na Mzee Wembe akangoja limchome. Halikumchoma. Lilipita kama sindano ya daktari ambayo mtu anaisubiri amefumba macho, kisha anaambiwa tayari, vaa shati. Alichokiona mbele yake ni mtoto wake aliyekuwa ameogopa kama yeye, midomo imekauka. Akataka kumwonyesha kwamba hakuna ugomvi. Akanyoosha mkono wa kulia akampapasa kichwani, kama alivyokuwa akimfanyia zamani alipotoka kwenye kiti na adhabu yake imekwisha.

Mkono wa kulia ulikuwa na mashine, na mashine ilikuwa inanguruma.

Ikafungua njia nyeupe kuanzia kwenye paji la uso mpaka utosini, imenyooka, safi, pana kama ya kupitisha ng'ombe. Kinyozi aliyejulikana mitaa mitatu kwa kutokosea hata nywele moja alikuwa amemlima mwanawe katikati ya kichwa, mbele za watu, taa zote zikiwaka.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mama. Alicheka mpaka akainamia cherehani, kicheko cha mtu aliyekibana siku nyingi, na kikawaambukiza wote, Bibi, Kitinda, viti vya mbele, viti vya nyuma. Bisibisi akapeleka kidole akaipapasa ile barabara, akafika mwisho wake, akarudi.

"Sasa hata nikitaka kuondoka siwezi," akasema.

"Kaa," akasema baba yake, naye akicheka, machozi yakimtoka. "Kaa nikunyoe zote."

Akarudi nyuma ya kiti, na wakati anaondoa nywele zilizobaki ili njia isionekane ni njia, Bisibisi akaongea kuliko alivyowahi kuongea chini ya kitambaa kile. Alisema alilijua swali tangu mwanzo. Kila alipoitwa alikuja na "hapana" yake mfukoni, akapokewa na habari za lifti, akarudi nayo nyumbani. Alikuwa ameanza kuchoka kuibeba. Alisema tangu utotoni alikipenda kiti hiki kupita maelezo, lakini alichokipenda ni kwamba kinapanda: mtu anakanyaga hapa, kichwa kinainuka kule. Kichwa chenyewe hakikumhusu. Kila alipopewa mkasi alikuwa anatazama skrubu iliyounganisha makali mawili. Angekubali kukichukua, angekuwa anasimama hapa siku nzima akisubiri kiharibike apate la kufanya.

Watu walicheka, lakini Mzee Wembe alikuwa anasikiliza kitu kingine. Alikuwa anaisikiliza sauti. Aliijua sauti ile. Ndivyo yeye mwenyewe anavyoongea akieleza jinsi ya kunoa wembe kwenye mkanda wa ngozi.

Ndipo Mama, akiendelea kushona, alipouliza swali lake.

"Baba watoto, kwa nini hunyoi ukiwa umekaa?"

Mzee Wembe aliliona swali la ajabu. Akajibu kwamba kinyozi hakai. Bwana aliyemfundisha alikuwa akisema kinyozi anayekaa atasinzia, na kinyozi anayesinzia atachinja.

"Mimi nashona nimekaa na sijamchinja mtu," akasema mkewe. "Huyo bwana wako, uzeeni alikuwa anatembeaje?"

Sharti lilikuwa mtu asiseme uongo. Mzee Wembe alitafuta namna ya kunyamaza, akakuta wote wanamngoja, hata mtunza stoo ameegemea mbele.

"Kwa fimbo mbili," akasema.

Mama akakata uzi kwa meno, akachukua kaptula nyingine. Lakini chini ya kitambaa cheupe kulikuwa na msukosuko. Mikono ya Bisibisi ilikuwa imechomoza pande zote mbili na ilikuwa inapima hewa: kutoka sakafuni mpaka kwenye goti, kutoka kwenye goti mpaka kwenye kiwiko cha baba yake. Akauliza kiti cha mteja kinapanda mpaka wapi. Akauliza baba huzunguka upande gani kwanza. Akamwomba asimame hivi, ainue mkono hivi. Kichwa chake kilikuwa kimeng'aa upande mmoja na upande mwingine bado kina msitu, naye hana habari, macho yamewaka, anazungumza habari za bomba la mafuta, za kigurudumu kisichopiga kelele, za stuli itakayopanda na kushuka kwa kukanyagwa kidogo tu. Baba yake aliisimamisha mashine, akamwacha amalize.

"Mtoto huyu," Bibi akawaambia watazamaji, "alinivunjia redio." Akasema hivyo kwa fahari.

Stuli ilikuja jioni ya mwisho ya mchezo. Bisibisi aliiunda kwa vipuri vilivyotolewa kwenye lifti ya zamani, akaifunika kwa ngozi ya bandia aliyoshonewa na mama yake kwa uzi uleule wa sare. Ilikuwa na magurudumu madogo na kikanyagio kando. Mzee Wembe aliizunguka kama mtu anayezunguka punda ambaye hajui kama anauma au anapiga teke. Kisha akakaa. Akakanyaga, akapanda. Akakanyaga, akashuka. Akajisukuma kushoto kwa ncha ya kiatu, akateleza nusu mduara bila sauti. Watu walipiga makofi, naye akawainulia mkono, wangoje kwanza, kazi haijaanza.

Kitini safari hii hakukaa Bisibisi, ambaye hakuwa na hata unywele wa kutoa sadaka. Alikaa pembeni ya jukwaa kichwa kikiwaka taa, mikono tayari, akiiangalia stuli kama mzazi anavyoangalia mtoto siku ya kwanza ya shule. Aliyekaa ni mtunza stoo. Mzee Wembe mwenyewe alimwita kutoka viti vya mbele, akamwambia kwamba ndevu zile ameziona tangu jioni ya kwanza na zinamnyima amani.

Akanyoa ameketi. Mwanzoni mkono ulishangaa, ukatafuta bega mahali lilipokuwa zamani, kisha ukazoea. Kutoka hapa alipo hakuwa juu ya mtu wala nyuma yake. Alikuwa ubavuni, uso kwa uso, karibu kiasi cha kusikia mtu akimeza mate. Alimuuliza yule bwana kwa nini alisema ndiyo siku ile, wakati swali halikuwa lake.

Mtunza stoo alifikiri. Alisema hajui kunyoa, wala hakuwa na nia ya kumpokonya mtu urithi. Ila swali lilikuwa zuri. Yeye huulizwa boksi liko wapi, mnyororo namba ngapi, mbona umechelewa. Hajawahi kuulizwa kama angependa kuachiwa kitu ambacho mtu anakipenda. Kwa hiyo mdomo ulijibu kabla yake.

Mzee Wembe aliliweka jibu hilo moyoni. Akamwambia kwamba kiti kwa sasa hakina haja ya kuchukuliwa, mwenyewe bado yupo, amekaa ubavuni mwake. Lakini kama siku zake za mapumziko stoo inamchosha, mlango wa duka uko wazi, aje atazame. Kushika kitana hakuhitaji mtu awe mtoto wa mtu. "Ila utaanza na kichwa cha nani, sijui," akasema. "Cha kwako haiwezekani. Kinyozi hajinyoi."

"Aanze na huyu," akasema Bibi akimwonyesha Bisibisi. "Hapo hata akikosea hakuna kitakachoharibika."

Kicheko kilipotulia, msichana mmoja wa viti vya nyuma akauliza kwa sauti kama mwenye mchezo naye ana swali, maana hajalisikia. Watu wote wakamgeukia Kitinda. Alikuwa amekaa chini na sindano zake kama siku zote. Alitia uzi kwenye tundu la sindano. Akauchomoa. Akautia tena.

"Baba," akasema mwishowe. "Swali langu lilikuwa, umeridhika nasi?"

Mzee Wembe alikuwa amefika pale palipo pagumu kuliko pote, chini ya mdomo, ambapo ngozi ni laini na mtu akitikisika kidogo damu hutoka. Wembe ulikuwa mkononi. Alikanyaga kikanyagio akashuka kidogo, akamshika mtunza stoo shavu kwa vidole viwili, akageuza uso wake taratibu kwenye mwanga. Kisha akainua macho, akamtazama binti yake pale alipo, chini pembeni, si mahali pengine popote.

"Ngoja kwanza nimalize kidevu," akasema.

Ukumbi mzima ukangoja. Alikimaliza bila haraka, kama mtu asiyepungukiwa na kitu.